Lango la Shimanzi Lilipomwita Baba Mwizi

Nakumbuka siku moja kule Shimanzi, jirani na bandari, mwanangu, na kila nikiikumbuka sikai nikatulia. Hebu niache nisimame ndipo nikueleze. Nasikia wataka kuipanga upya maktaba yenu ya programu, ile ambayo programu nyingine zote huiita izifanyie kazi. Vyema. Lakini nisikize kwanza.

Nilikuwa msichana, nimeajiriwa juzi tu katika ofisi ya kompyuta ya yadi moja ya makontena. Baba yangu, Mzee Karisa, alikuwa dereva wa lori, akipita lango letu kila uchao. Mwenzangu Mwakio, kijana mpole wa Kitaita, aliambiwa aongeze kiwango cha baridi kwenye maktaba yetu, iliyozipa programu zote habari za kila kontena kwa mpangilio mmoja, kwa ajili ya makontena ya samaki. Akakiweka mbele ya uzito, kwa kuwa hapo ndipo palipompendeza. Programu zetu akaziunda upya ziufuate mpangilio huo, zikaenda sawa. Ile ya lango hakuweza kuiunda, maana aliyeiandika alikwishahama na msimbo wake, yale maandishi ya kuiundia, haukuonekana tena. Ilibaki programu yenyewe tu, ikiutafuta uzito mahali pale pale pa siku zote.

Asubuhi yake nikasikia kelele langoni. Lo! Baba ameketishwa chini, kofia mkononi, walinzi wamemsimamia. Kompyuta yasema shehena yake ni tani nne, na bandarini alitoka na ishirini na kitu.

"Nyingine umemuuzia nani, mzee?"

Lakiri ya kontena hatukuwa na ruhusa ya kuivunja tuone ndani, basi baba akaapa mpaka akachoka. Nikapanda ngazi za ofisi nikijikwaa. Ile programu, mwanangu, haikukwama wala haikulalamika. Ilisoma baridi, nyuzi nne, ikadhani ni uzito, ikasema uongo mchana kweupe.

Mkubwa wetu, Bi Zuhura, aliitazama kazi ya Mwakio akaelewa. Mwakio akajitetea: "Lakini Bi Zuhura, programu ya lango ni kuukuu. Ingetupwa tu."

"Hiyo kuukuu ilikuwa ikisema kweli mpaka ulipoihamishia vitu vyake!" Bi Zuhura akamwonyesha dirisha kwa kidole. "Mtu mzima amekaa mchangani kwa sababu yako, nawe wanitajia ukuukuu? Rudisha uzito ulipokuwa. Hiyo baridi iandikie wito wake mpya, anayeihitaji aiite. Kisha shuka ukamwombe radhi mbele ya wote waliomwona."

Akashuka, machozi yakimlenga. Baba akampa mkono: "Yamekwisha, kijana wangu."

Hayakwisha. Tangu siku hiyo, baba kila akifika langoni alizima lori, akateremka, akangoja pale chini bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa nikimwona dirishani. Wasema mchuma janga hula na wa kwao. Hili lilichumwa na Mwakio likaliwa na wa kwetu.

Basi usiache mbachao kwa msala upitao. Ongeza upendavyo, lakini ulichokwisha kuwapa wanaokutegemea usikihamishe, si jina lake, si mpangilio wake. Ukilazimika kukiondoa, watangazie mapema, na cha zamani kiendelee kufanya kazi kando ya kipya. Na kabla hujatoa toleo, lijaribu kwa zile programu ambazo hakuna tena wa kuziunda. Wanaozitumia huwajui, nao hawakujui.

Nenda, mwanangu. Mola akubarikie kazi ya mikono yako, wala asikujaalie kuwa sababu ya mtu asiye na hatia kuketishwa chini.