Panya wa Chumba cha Kulia

Kazini tulimwita Mama Panya, naye hakukasirika. Tangu amzike mwanawe wa kwanza hakukasirikia lolote. Ukimwambia chai imekwisha, sawa. Ukimwambia zamu yake imebadilishwa, sawa. Hata wifi yake alipomjia kusema kwamba Ijumaa atamchukua binti mdogo aliyebaki akakae naye, kwa sababu nyumba ile imekuwa kama haina mtu mzima, alijibu sawa, akaendelea kujaza maji kwenye chupa za panya. Mimi nilikuwa pale pale naosha vizimba. Nilitamani nimtikise mpaka meno yagongane.

Maabara yetu ilikuwa na vyumba viwili vya panya, kimoja mkono wa kulia wa ukumbi na kimoja mkono wa kushoto. Kila chumba kilikuwa na mtambo ulionguruma juu ya vizimba, lakini mmoja tu ndio uliotoa mawimbi, yale yasiyoonekana kama ya redio. Mwingine ulinguruma bure. Upi ni upi, alijua Daktari peke yake, ili sisi tusije tukawapendelea wanyama bila kujijua. Mawimbi yenyewe yalikuwa hafifu, yasingeweza hata kupasha moto kikombe cha maji. Daktari alitaka kujua kama uhafifu huo huo, mnyama akikaa nao miezi, unaweza kumbadilisha.

Nao wakabadilika. Panya wa chumba cha kulia, ukiwatoa kizimbani, walijibanza pembeni na kujikojolea. Wa kushoto walitembea huku na kule wakinusa, kama wenye nyumba. Hapo Daktari akatufichulia kwamba mawimbi yalikuwa chumba cha kulia.

"Mnaona?" alisema, hashikiki kwa furaha. "Yanaingia mpaka kwenye ubongo!"

Tukapiga makofi. Bosi akifurahi na wewe unafurahi, utafanyaje?

Ijumaa asubuhi Daktari aliingia chumba cha kushoto bila kubisha hodi, nami nyuma yake na ndoo yangu. Mama Panya alikuwa amekaa kwenye kigoda, kizimba kiko wazi. Panya mmoja amelala kiganjani mwake, mwingine ameingiza kichwa kwenye mkono wa koti lake.

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Huwa unakaa hapa?"

"Kila siku nikishawapa maji. Nyumbani kuko kimya mno, Daktari. Huku angalau kunanguruma."

"Na chumba cha kulia je?"

"Kule hakuna kigoda."

Daktari aliegemea ukuta. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Nilidhani atafoka, lakini sauti ilimtoka ndogo.

"Basi kazi yote imekwenda na maji. Siyo mawimbi. Hawa umewazoesha mkono wa mtu. Wale wa kulia huenda hakuna kilichowadhuru. Ni kwamba hakuna aliyewashika, basi."

Nilisubiri Mama Panya aseme sawa. Hakusema. Alimrudisha panya kizimbani taratibu, akafunga mlango.

"Wanaweza kuja kuwa kama hawa?" aliuliza.

"Wakishikwa, labda. Sijui. Mimi hawanifai tena."

Mchana wifi yake akafika langoni na yule binti, begi mgongoni, gari linawangoja ng'ambo ya barabara. Wifi mtu si mbaya, nisimsingizie. Ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mtoto tangu msiba.

"Haya, muage mama," alisema.

Mtoto alirudi nyuma. Alijibanza kwenye gauni la shangazi yake, akawa anamtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu wa kuja kuchoma sindano. Niliona uchungu hata mimi, ambaye mtoto hanihusu.

Mama Panya alichutama pale langoni, koti la kazi likiburuzika vumbini. Hakumwita, wala hakumvuta. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, hauna kitu. Dereva akapiga honi. Akapiga tena.

"Wifi, gari linaondoka," shangazi mtu alisema.

"Liache liende," alisema Mama Panya, na hakuinuka.