Nyamafu Juu ya Vigae Vyeupe

Konokono wa Aikaeli hawakufa kwa sumu. Alikuwa akiwaokota mmoja mmoja asubuhi na mapema, kwenye mashina ya migomba na chini ya majani ya maua yake ya anthurium, akawapanga juu ya jiwe la kunolea panga na kuwaponda kwa kisigino cha buti. Kra. Kra. Kra. Majirani waliopita kwenda kukata majani ya ng'ombe walisikia ule mlio wakaambiana, "Mama Maua ameshaamka, kuna watu wana msiba huko." Naye alijibu kutoka humo humo migombani, bila kuinua kichwa, "Ingia na wewe nikuunganishe nao!"

Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke mfupi, mabega mapana, mkono mwepesi. Masama yote ilijua habari za mwaka wake wa kwanza wa ndoa, alipoletwa kutoka Marangu, mumewe Eliufoo akamtia kofi kwa sababu ya chai iliyopoa. Aikaeli aliweka birika chini taratibu, akaenda jikoni, akarudi na mchi wa kinu. Eliufoo alihamia chumba cha mama yake kwa siku kadhaa, jino lake moja likiwa mfukoni. Baada ya hapo waliishi vizuri. Hakuna aliyeinua mkono tena, na chai ilinywewa jinsi ilivyo.

Eliufoo alikuja kuuawa na mti. Alikuwa akikata mringaringa mkubwa katikati ya kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba yao, mti ukajipinda kwenye kisiki, ukageuka upande ambao haukutegemewa, ukamlalia kifuani. Aikaeli aliingiza bega chini ya tawi akalinyanyua peke yake mpaka mishipa ya macho ikapasuka, macho yakawa mekundu kama ya nyani. Alilinyanyua, ndiyo. Lakini aliyekuwa chini alishakwenda.

Wakamzika pale pale, ndani ya kihamba chake, kama wanaume wa huku wanavyozikwa. Kaka yake mkubwa, Eliudi, mwenye duka la vipuri Dar es Salaam, akalijengea kaburi vigae vyeupe na msalaba wa marumaru. Mama mkwe wa Aikaeli, bibi mwenye mdomo wa wembe aliyekuwa akiishi nao ua mmoja, aliliangalia akasema, "Linang'aa kama choo cha hoteli."

Kabla ya turubai la matanga kufunguliwa, Eliudi alimvuta Aikaeli pembeni.

"Shemeji, ukimaliza kulia tutaongea habari ya kihamba. Mtoto hukuzaa. Na kwenu Marangu kupo."

"Sijaanza kulia," Aikaeli akamjibu. "Nikianza utasikia huko huko Dar."

Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa maua. Aliyajua tangu usichana, alipokuwa akifagia bustani ya nyumba ya wageni huko Marangu, na hakuwa mtu wa kuyabembeleza. Okidi aliwafunga kwenye magome ya miti ya migrivea kwa kamba za katani, mizizi ikaning'inia hewani kama minyoo. Mzizi ukiwa mweupe, una kiu. Ukiwa wa kijani, umeshiba, usiuguse. Maji aliwapa asubuhi tu, kwenye mizizi, kamwe si moyoni pa mmea, maana maji yakilala moyoni, mmea unaoza ukiwa umesimama. Anthurium walikaa kivulini kwenye makapi ya kahawa na vipande vya mkaa. Jani lililoanza doa jeusi alilikata siku hiyo hiyo akalichoma. "Ukimhurumia mgonjwa mmoja, unazika ukoo mzima," alizoea kusema.

Mteja wake alikuwa Rukaiya wa Moshi mjini, mpambaji wa kumbi za harusi. Siku moja Aikaeli aliposhusha ndoo zake dukani, Rukaiya alimtolea kitu kilichofungwa kwenye gazeti: vidole vitatu vya kijani, vinene, vya pembe nne, visivyo na jani hata moja.

"Nini hiki, shoga? Mbona kama mkono wa maiti?"

"Subiri lichanue ndiyo utajua maiti. Asili yake kusini huko, kwenye ukame. Ua lake nyota, kubwa kama sahani, lina manyoya na mistari ya damu. Linanuka nyama iliyooza."

"Nani ananunua uozo?"

"Wenye pesa zao wanaokusanya maua ya ajabu. Ninao wawili tayari wananipigia simu kila kukicha. Inzi wanadanganyika wanataga mayai humo, funza wakitoka hawana cha kula, wanakufa wote. Sisi tunaliita Nyamafu."

Aikaeli alikigeuza kile kidole mkononi. Ua linalowaua watoto wa inzi. Akalipenda papo hapo.

"Lakini huyu si wa kunywesha kama okidi zako," Rukaiya akamwonya. "Ukimpa maji kabla udongo haujakauka kabisa, anakufa. Ukimweka kivulini, anakufa. Mvua ya baridi, anakufa."

"Basi ana kiburi kama mama mkwe."

Vile vidole vya kwanza vilioza. Kihamba cha Masama ni kivuli juu ya kivuli, migomba chini, migrivea juu, na ardhi haikauki. Shina lilianza kulainika kutoka chini, likawa la kahawia. Aikaeli alichukua kisu, akakipitisha kwenye moto, akakata nyama mbovu yote mpaka alipofika penye kijani safi. Akapaka majivu kwenye kidonda, akakilaza kile kipande kavu dirishani, bila udongo wala tone la maji, mpaka kidonda kikafunga gamba. Ndipo akakipanda, na vile vingine viwili vivyo hivyo, kila kimoja chungu chake, kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na kokoto.

Jua sasa. Alizunguka kihamba chote akitafuta jua. Mahali pekee palipofunguka mbingu ni pale ulipoanguka mringaringa, na pale palikuwa na kaburi. Vigae vyeupe vilipata moto tangu asubuhi mpaka alasiri, vikakauka dakika chache baada ya mvua. Akabeba vyungu vyake vitatu, akavipanga miguuni pa Eliufoo.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe hakuliona. Katika ukoo ule, hata jiwe halisogezwi kaburini bila wazee kuambiwa, na wao wamwambie marehemu. Aikaeli hakuwaza kwamba ameweka kitu kaburini. Aliwaza kwamba ameweka vyungu juani.

Vikanawiri. Mwezi wa Desemba ulipoingia, kila chungu kilikuwa na tumba lililovimba kama puto.

Desemba ndiyo Wachagga wanaporudi nyumbani, na Eliudi alirudi na gari mbili, mke, watoto, na fundi aliyeletwa kupima kiwanja. Aikaeli alimwona yule fundi akinyoosha kamba kati ya migomba yake. Akaenda akaikata kwa panga, akarudi jikoni kukoroga mbege, pombe ya ndizi ya sikukuu. Fundi akakusanya vifaa vyake akaondoka.

Siku ya kuchinja mbuzi wa ukoo, watu walijaa uani. Jua lilikuwa kali, na matumba yote yalikuwa yamepasuka tangu siku iliyotangulia. Eliudi akawachukua wageni wake kuwaonyesha vigae. Walipofika hatua chache kutoka kaburini, mkewe akageuka akatapika kwenye mgomba.

Harufu ilikuwa ya kitu kilichokufa juzi. Inzi walizunguka miguuni pa kaburi kama moshi mweusi, na juu ya vigae vyeupe walikuwa wakitambaa funza.

"Eliufoo!" Eliudi alipiga kelele. "Mdogo wangu anavuja!"

Watu wakakimbilia pale. Aikaeli akawapita wote kwa kiwiko.

"Ni ua, shemeji. Angalia, ni hili ua."

"Ua gani linanuka maiti?"

"Hili. Ndivyo linavyonuka."

Eliudi aliinama akaona ile nyota yenye manyoya na mistari ya damu, inzi wamejaa katikati yake. Akaruka nyuma. Alipofungua mdomo tena, sauti ilikuwa imebadilika; alikuwa ameshajua la kufanya na ile hofu yake.

"Mmesikia wenyewe! Amepanda uchawi wake juu ya kaburi. Mizizi inakula mule ndani. Mwanamke huyu amemfanya mdogo wangu mbolea!"

Wanawake wakashika vichwa.

"Mizizi imo kwenye chungu, mjinga wewe! Inua chungu!"

"Sigusi. Tunamhamisha Eliufoo. Na wewe leo unalala Marangu. Godbless! Lete sururu!"

Godbless, mpwa wake, kijana wa mabega, akaja na sururu. Aikaeli akapanda juu ya kaburi akasimama katikati, miguu imepanuka.

"Mama, shuka."

"Nishushe."

Godbless alipiga kigae karibu na mguu wake. Kikapasuka, kipande kikamkata Aikaeli muundini. Yeye akainua chungu kimoja kwa mikono miwili akakishusha begani pa kijana, mchanga, kokoto, Nyamafu na vyote. Godbless akapiga magoti. Sururu ikamponyoka, Eliudi akaidaka, akaigeuza, akampiga Aikaeli kwa mpini. Mfupa wa mkono wa kushoto ulilia kama kuni kavu. Aikaeli hakulia. Alimwangukia shemeji yake kwa uzito wake wote, wakabiringika hadi chini, akapata sikio, akang'ata.

Eliudi alipiga mayowe yaliyosikika kanisani. Alimsukuma, akasimama, damu ikimchuruzika shingoni, akamalizia hasira kwenye vyungu vilivyobaki. Alivikanyaga. Aliling'oa ua kubwa kuliko yote, akalifinyanga ndani ya ngumi, akaliponda chini ya kiatu, akajifuta viganja kwenye suruali. Kisha akarudi kwa Aikaeli, guu limeinuliwa.

Ndipo maji ya baridi yakawamwagikia wote wawili. Mama mkwe alikuwa amesimama na ndoo.

"Mbwa huachanishwa hivi," bibi akasema. "Mmoja akae huku, mwingine kule. Nyama inaungua."

Wakamketisha Aikaeli ukutani, mkono umefungwa kwa khanga kwenye ubao, wakati wanatafuta gari la kumpeleka hospitali. Eliudi, kitambaa sikioni, akaenda kusimama penye nyama. Yeye ndiye mkubwa. Kidari ni chake kukata, na alitaka kila mtu aone kwamba bado ni chake. Akashika kisu.

Inzi wakamfuata.

Kwanza wachache, halafu kundi zima. Walimtua viganjani, wakamtua kwenye suruali, wakajaa viatuni. Waliokuwa wameketi karibu wakaanza kusogeza viti. Mtoto mmoja akaziba pua, akacheka, akapigwa kofi na mama yake, ambaye naye alikuwa ameziba pua.

"Mangi," akasema Rogath, msemaji wa ukoo, mtu mzito asiyependa kuharakishwa, "weka kisu chini. Unayenuka ni wewe."

"Ni kaburi!"

"Kaburi liko kule, upepo unatoka huku."

Rogath alinyanyuka, akaenda mpaka kaburini, akainama penye ufa wa kigae, akavuta pumzi ndefu mbele ya watu wote. Akarudi.

"Saruji," akasema. "Nasikia saruji tu."

Bibi alimsogelea mwanawe, akamnusa kiganja, akakitupa. "Mwanangu wa kwanza, nenda kaoge. Utatuharibia mbuzi." Pakawa na kicheko kikubwa, na Eliudi akasimama katikati yake kama mtu aliyevuliwa nguo.

Rogath alisubiri kiishe, akamgeukia Aikaeli. "Na wewe, mke wetu. Vyungu uliviweka kaburini. Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta jua."

Hakuna aliyecheka. Rogath alikuna kidevu. "Utapika mbege, utamwambia marehemu mbele yetu. Hilo ni lako. Eliudi kaagiza kaburi la ndugu yake lipasuliwe akiwa hai na akili zake. Atalitengeneza kwa mikono yake, si ya fundi, na ataleta jani la isale kuomba msamaha. Habari ya kihamba..."

"Habari ya kihamba naisema mimi," bibi akamkatiza. Akachapa ardhi kwa fimbo, upande wa kulia wa vigae, penye nafasi ya mtu mmoja. "Huyu atalala hapa. Mnasikia? Hapa. Anayetaka kumpeleka Marangu anizike mimi kwanza, na mimi bado natafuna mahindi ya kuchoma."

Mahali pa kuzikwa pakishatajwa, hakuna anayeuliza tena pa kuishi. Aikaeli alielewa. Alipakiwa kwenye gari akiwa amekaza meno, na hapo tu, mlango ulipofungwa, ndipo alipoanza kulia kwa ajili ya Eliufoo, akalia mpaka hospitali.

Alirudi na plasta nyeupe hadi begani. Vipande vya Nyamafu vilikuwa bado vimetapakaa kwenye majani. Akaviokota kwa mkono mmoja, akakata palipopondeka, akavilaza dirishani vikauke vidonda.

Eliudi alikuja siku waliyopanga, sikio limefungwa bandeji, jani la isale mkononi likiwa limepigwa fundo. Mchagga aliyeletewa isale hawezi kukataa. Hata damu inasamehewa. Akalinyoosha mbele yake.

"Shemeji."

"Kaburi kwanza," Aikaeli akasema.

Eliudi aliweka isale juu ya kisiki, akapiga magoti, akaanza kukoroga saruji. Aikaeli alisimama nyuma yake muda wote. Mara moja alipiga ndoo teke.

"Maji mengi. Koroga upya."

Akakoroga upya. Vigae vilipokaa sawa, akanyanyuka, magoti meupe kwa vumbi, akachukua lile jani akamnyooshea tena. Aikaeli akalipokea kwa mkono wake mzima.

"Nimesamehe," akasema, akilitazama sikio lake lililobaki. "Hilo lingine nalo ni zuri. Lilinde."

Eliudi alicheka. Yeye hakucheka.