Ukuta Nilioutia Saruji

Nilinunua nyumba ile kongwe mjini Tabora, jengo la mfanyabiashara wa enzi za misafara, nikiamini kwamba mtu aliyesoma kama mimi ndiye aliyestahili kuirudishia heshima na kuishi ndani yake. Kazi ya kuikarabati nilimpa fundi mzee wa Isevya, aliyerithi ujuzi huo kwa baba yake. Aliloweka chokaa shimoni, akasema tungoje majuma kadhaa.

"Kuta hizi ni za udongo, mwalimu. Zinapumua. Ukizivika saruji umezinyonga."

Lakini wageni wa posa ya binti yangu walikuwa wanakaribia. Fundi alipokwenda msibani Igalula, niliita vibarua, wakaupiga ukuta wa sebuleni lipu ya saruji kwa siku mbili. Aliporudi aliugonga kwa kidole, akarejea kwenye shimo lake la chokaa.

Mvua zikanyesha. Siku ya posa, kahawa ikiwa mikononi, lipu ilibanduka kwa kishindo na kung'oa pande zima la udongo. Vumbi likatua vikombeni.

"Makubwa! Nyumba inatufukuza hii?" akatania mjomba wa kijana aliyekuja kuposa. Watu wakacheka. Kisha akaniuliza, "Fundi wako nani? Nilitaka nimpe nyumba ya marehemu baba aitengeneze."

"Mzee mmoja wa Isevya," nikajibu. "Umri umemwendea. Macho yake si yale tena."

Fundi alikuwa uani, hatua chache kutoka mlango uliokuwa wazi, akikoroga chokaa. Mwiko ulinyamaza, kisha ukaendelea.

Kesho yake nilimwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, akaendelea kubandua saruji yangu.

Mimi, niliyewachapa wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko ule, nilikaa siku tisa kabla ya kwenda kwa yule mjomba kumweleza ukweli.

"Aa, mwalimu, tumeshampa mwingine," alisema. "Tena habari za yule mzee nimekwishawaeleza wenzangu msikitini."

Nilirudi nikamsimulia fundi yote. Alikuwa akilainisha chokaa, wala hakugeuka.

"Ungeyasema palepale, wageni wamekaa. Haya, nisogezee ndoo."

Nilimsogezea. Ukuta ule umesimama, mweupe, na kila anayeusifu, mimi humweleza ni nani aliyeuharibu na ni nani aliyeuponya. Wao husikiliza kwa adabu. Lakini tangu siku ile sijasikia mtu wa mjini aliyempelekea mzee yule kazi nyingine.