Mama Waya na Rangi ya Mumewe

Kabla hajashika waya hata mmoja, Mama Waya alikuwa mshona viti. Magari yaliletwa pale karakana na viti vilivyochanika, yeye akavifungua, akavitoa nje, akavivalisha ngozi mpya. Sasa kiti kikishatoka na zulia likikunjwa, ndipo gari linapoonyesha matumbo yake: nyaya nyekundu, nyeusi, za bluu, zimelala sakafuni kama watoto wa chumba kimoja. Mwingine angezifunika akaendelea na sindano. Yeye alizifuata kwa kidole. Huu unatoka wapi? Unakwenda wapi? Unarudi kwa njia gani? Miaka mitatu alifanya hivyo, akiuliza mafundi, akichekwa, akiuliza tena. Fundi umeme wa pale alipohama ghafla na kumwacha mteja mmoja amekwama, mshona viti akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anadhani anajua waya ulipokatika. Alijua kweli. Tangu siku hiyo sindano zikapumzika.

Mumewe ndiye mpiga rangi wa karakana hiyohiyo. Watu humwita Kioo, maana gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Kioo hupaka hata pasipoonekana: ndani ya buti, chini ya gurudumu la akiba, nyuma ya taa. Mkewe humtania kwamba akiachiwa atapaka na injini kwa ndani.

Mama Waya naye ana sheria yake, na Kioo ameisikia mpaka ameiota. Kila chombo cha umeme kwenye gari kina waya mweusi, mafundi huuita waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi, yaani bati la gari lenyewe, ili ufike betri. Ncha ya waya huo lazima iguse bati tupu. Si kutu, si gundi, si rangi. Bati tupu linalong'aa.

Basi asubuhi moja, yapata saa nne, Kioo yuko kwenye kona yake anapiga msasa bampa, likaingia gari la matangazo. Mwenyewe, ambaye kila mtu humwita Mtangazaji, ni mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Hata akiomba maji ya kunywa, mtaa mzima unajua ana kiu. Gari lake Kioo alilijua vizuri. Wiki sita nyuma alikuwa amelipaka lote, na mkewe akarudisha amplifaya, kile chombo cha kukuza sauti, ndani ya buti na vipaza sauti viwili juu ya paa.

"Shemeji," Mtangazaji akamwambia Mama Waya, "nikikanyaga mafuta, chombo kinalia. Nikiachia, kinanung'unika. Sauti yangu iko katikati, inazama."

Mlio huo ulianza kidogo, akaeleza, ukawa unakua. Mafundi wawili wa jirani naye walimwambia amplifaya imekufa, atafute nyingine. Na saa tisa mchana wa siku hiyohiyo muuguzi mkuu wa zahanati angekuja barabarani kumsikiliza. Zahanati ilitaka gari la kuzunguka mitaani miezi mitatu, likiwaambia wazazi siku za chanjo ya watoto. Muuguzi alikwisha kumweleza wazi: akisikia mvumo badala ya maneno, kazi anapewa mwingine, kwa sababu mzazi asiposikia siku, mtoto hachanjwi.

Mama Waya hakugusa kitu. Alimwambia awashe injini, akasimama nyuma ya gari na kuinamisha kichwa. Vipaza sauti vilitoa mlio mwembamba, kama nzi aliyefungiwa chupani. Akaomba mafuta zaidi. Nzi akapanda juu. Akaomba yapunguzwe. Nzi akashuka. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini, akamwambia mteja, unatoka kwenye alternata inayochaji betri. Kilichobaki ni kujua umepitia mlango gani.

Kwanza alichomoa waya unaoleta sauti kutoka kwenye maikrofoni. Mlio ukabaki palepale, kwa hiyo haukupita huko. Akachukua mita yake, akagusisha ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya mweusi wa amplifaya. Hapo mshale ungepaswa kulala kwenye sifuri. Ulisimama karibu na volti moja. Kioo, msasa mkononi, akaona mkewe anatikisa kichwa kidogo, vile anavyofanya akionja mboga isiyo na chumvi.

Akatandika waya mrefu kutoka hasi ya betri mpaka kwenye amplifaya, ukapita dirishani. Nzi akafa papo hapo. Alipochomeka tena waya wa maikrofoni, Mtangazaji akahesabu moja, mbili, tatu, na spana zikatetemeka ukutani. Alitaka kuondoka hivyohivyo, waya unaning'inia. Mama Waya akamkatalia: mlango utaukata, na ukikatika mlio utarudi.

Kisha akaingiza mkono ndani ya buti na kugusa bolti iliyoshika waya wa ethi. Akautoa haraka. Bolti ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo Kioo alipoweka msasa chini. Mkewe akigundua ugonjwa wa gari huwa anaimba puani. Leo hakuimba. Alikuwa amesimama na spana mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kioo akasogea. Bolti ikafunguliwa, kichwa cha waya kikainuliwa, na chini yake ikaonekana rangi yake mwenyewe, nzima, inang'aa, imeungua duara jembamba. Wiki sita umeme ulikuwa ukijipenyeza kwenye meno ya bolti tu.

Kioo akafungua mdomo. Alikuwa na neno tayari: barabara mbaya zimelegeza bolti. Mteja angeamini, na jina la mkewe lingebaki safi. Mkewe akamwahi.

"Shemeji, amplifaya yako ni nzima. Kosa ni langu. Siku ile nilishika msasa, nikaitazama rangi ya mume wangu ilivyokaa, nikashindwa kuikwangua. Nikafunga waya juu yake, na mimi najua haifai."

Mtangazaji akamtazama mke, akamtazama mume, na kwa mara ya kwanza Kioo akamsikia akisema kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo wiki zote sita nimelia kwa ajili ya mapenzi yenu."

Akacheka mwenyewe, na wao wakacheka, Mama Waya akiwa wa mwisho. Mama Waya akauokota msasa; Kioo akanyoosha mkono. "Nipe huo msasa," akasema. Akainama ndani ya buti na kukwangua rangi yake mwenyewe, taratibu, tabaka kwa tabaka, mpaka bati likang'aa. Mkewe akafunga waya kwa washa yenye meno, ile pete ya chuma inayouma bati, akakaza, akapaka grisi juu kuzuia kutu. Safari hii mshale wa mita ukalala kwenye sifuri.

Saa tisa muuguzi alisimama barabarani na daftari lake. Gari likapita mbele yake polepole, likarudi kwa kasi. Siku, saa, umri wa mtoto: vyote vikatoka vimenyooka. Alimsimamisha Mtangazaji na kumkabidhi karatasi ya ratiba dirishani.

Wiki iliyofuata Mama Waya alifunga amplifaya kwenye gari jingine lililotoka kwa mumewe. Ndani ya buti, kando ya tundu la bolti, alikuta kipande cha karatasi ya gundi kimekatwa duara, ukubwa wa kizibo cha soda. Akakibandua. Chini yake bati lilikuwa tupu, safi, rangi imelizunguka bila kuligusa. Akainua kichwa kumtafuta Kioo.

"Hapo pako," Kioo akasema kutoka kwenye kona yake, bila kugeuka.

Mama Waya akashika spana, akaanza kufunga waya. Alikuwa anaimba puani.