Mkanda Nilioufua

Mwezi uliopita mzee mmoja wa mtaa wa Nsemulwa aliniuzia kamera yake ya zamani, ile ya mkanda, pamoja na begi lake. Mimi ni mgonjwa wa vitu hivyo. Najua simu yangu inapiga picha nzuri kuliko kamera ile, lakini napenda kuusogeza mkanda kwa kidole gumba na kusikia kamera ikigonga. Ndani ya begi kulikuwa na kopo dogo jeusi la plastiki, yale ya kutunzia mkanda. Nikalifungua, nikalisogeza puani nikitegemea harufu ya dawa, nikakutana na ugoro. Nilitema mate kabla sijakumbuka kwamba nimesimama sebuleni kwa watu.

Msinicheke. Kinyaa nilizaliwa nacho. Nyumbani waliniita Bwana Afya, ingawa ni msichana, kwa sababu nilikagua sahani yangu kwanza ndipo nile, na nzi akitua kwenye uji nilikuwa tayari kushinda njaa. Wageni walichekeshwa na jambo hilo, nami nikavimba kichwa.

Nilipokuwa na miaka minane, baba alikuwa mpiga picha hapa Mpanda, wale wa kuzunguka kwa baiskeli: harusi, maulidi, kipaimara, mtoto kazaliwa. Alikuwa na masharti yake. Jua lazima liwe mgongoni mwake, na tukio moja lilipata picha moja, basi. Mkanda ukiisha aliuzungusha kurudi kwenye kibati chake, akaacha kiulimi kidogo nje, akautia koponi na kuupeleka stesheni upande treni kwenda Tabora kusafishwa. Ndivyo walivyosema wote, kwamba picha zinasafishwa. Mimi nilijiuliza ni uchafu gani huo wa kusafirishwa hadi Tabora wakati sisi tuna kisima uani na sabuni ya mche. Hakuna aliyeona haja ya kunieleza kwamba kusafisha ni kuzitoa picha kwa dawa gizani, na kwamba mkanda ukiona mwanga kabla ya hapo picha zote zinakufa.

Mwaka huo bibi, mama yake baba, aliteremka kutoka kijijini kwake Mwese juu ya lori la mahindi. Alikuwa anaumwa kifua, akawa anakwenda hospitali na kurudi kulala kwetu. Alikuja na ugoro wake. Aliumimina kwenye ukucha wa kidole gumba, akavuta pua ya kulia, akavuta ya kushoto, akafumba macho na kusubiri chafya. Baada ya hapo kilishuka kitu cha kahawia hadi juu ya mdomo, kikaning'inia, naye akakifuta kwa kidole na kidole akakifuta popote: kwenye khanga, kwenye mguu wa kiti, mara moja kwenye ukingo wa kikombe alichonipa chai. Nilikataa kulala naye kitanda kimoja, nikatandikiwa mkeka chini. Baba naye, kwa kumfurahisha mama yake, alimpa kopo tupu la mkanda la kutilia ugoro, akasema linafunga vizuri, halipitishi unyevu.

Bibi hakuwa amewahi kupigwa picha maishani mwake. Siku chache kabla ya kurudi Mwese alimwambia baba anataka moja tu, yeye na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina lake. "Nitaitundika ukutani," alisema. "Nikiamka nakuona hata msipokuja." Ikatokea kwamba mkanda wa picha za kipaimara ulikuwa umebakiwa na nafasi moja ya mwisho. Mama akanivika gauni langu jeupe. Bibi akakaa kwenye kigoda mbele ya ukuta, mimi nikasimama pembeni.

"Sogea kwa bibi yako," baba akasema, jicho kwenye kamera.

Nikasogea kidogo.

"Sogea. Bibi hang'ati."

Nikabana pumzi. Bibi akaniwekea mkono begani, akatabasamu na meno yake yote ya kahawia, na baba akafyatua. Nilipochomoka pale niliona doa begani kwangu, upana wa kidole chake. Nililia mpaka mama akalivua gauni na kulifua. Doa lilitoka kwenye gauni, lakini mimi nilijua halijatoka kwenye picha, na kwenye ukuta wa Mwese ningekaa na uchafu ule maisha yote.

Kesho yake baba alikwenda kuulizia treni. Mezani palikuwa na makopo mawili meusi, sawa kabisa. Nikafungua la kwanza, ugoro ukanipanda puani. Nikafungua la pili, nikaona mkanda. Nikauvuta kiulimi, ukatoka mrefu, ukaendelea kutoka, na nilipoutoa uani juani ulikuwa na rangi ya kahawia mwanzo hadi mwisho. Niliamini bibi ameupaka wote. Nikachota maji, nikaukwangua na sabuni kwa kipande cha gunia, hatua kwa hatua, na maji yalipotoka rangi nikazidi kuona nina haki. Nikauanika kambani pamoja na gauni langu.

Baba alirudi, akasimama mbele ya kamba. Halafu akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi. Bibi na mama wakatoka ndani.

"Nyie, nani kagusa mkanda wangu?" aliuliza polepole.

"Mimi, baba. Nimeusafisha," nikajibu. "Doa la bibi limetoka lote."

Baba akainuka kutafuta fimbo. Bibi akamshika mkono. "Mwache," alisema. "Si kafua tu." Hakuniangalia.

Baba alizunguka nyumba za wazazi wa watoto wa kipaimara akiomba radhi, akarudi sauti imekauka. Mkanda mwingine aliutafuta maduka yote ya mjini, hakuupata, na lori la Mwese lilikuwa linaondoka Jumamosi. Bibi akasema haina neno, atapigwa akija tena. Hakuja tena. Alifariki masika yaliyofuata, barabara ya Mwese ikiwa tope tupu, na baba alifika wameshazika. Hatuna hata picha yake moja.

Siku zile zilizobaki, baada ya mkanda, bibi alianza kunawa. Alinawa kabla ya kunipa kitu na kabla ya kuniita, na ugoro alikwenda kuvutia nyuma ya choo. Nilifurahi. Nilimwambia mama kwamba hospitali wamemfundisha bibi usafi, na mama akaendelea kuchambua mchele. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu, siku niliyoelewa ni nani aliyemfundisha na kwa maneno gani. Tangu hapo kinyaa nilichokuwa nacho kwa ugoro ninacho kwa mtoto yule wa miaka minane aliyesimama uani akijisifu.

Asubuhi ya Jumamosi lori likipiga honi, bibi alinawa kwa sabuni mara mbili. Akajifuta kwa khanga safi, akapiga magoti mbele yangu, akanionyesha viganja vyote viwili.

"Angalia, mjukuu wangu," alisema. "Naweza kukushika?"

Nikavikagua, kidole baada ya kidole, ndipo nikasema ndiyo.