Nililipua Usukani wa Mkwe Wangu, Nikaitwa Shujaa

Mkosaji ni mimi. Nianze na hilo kabisa, nisije nikazungukazunguka kama nilivyofanya miaka yote hii. Usukani wa gari la mkwe wangu haukulipuka wenyewe. Niliulipua mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, mchana kweupe, na mkwe mwenyewe akinywa chai barazani.

Nakwambia wewe msomaji kwa sababu hunijui na mimi sikujui. Ni jambo la kusikitisha, naapa, na nimelijutia sana. Ila kila nikilikumbuka kicheko kinanibana, mpaka mke wangu ananipiga kiwiko katikati ya misa.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Songea. Miaka ile nilikuwa kijana, nina kibanda changu Mjimwema, na ujuzi wangu wote niliupatia kwenye malori. Lori halina siri. Taa haiwaki, unachukua testa, unachoma waya, unajua moto umeishia wapi. Testa yangu niliitengeneza mwenyewe: balbu ya indiketa, waya mbili, na sindano ya kushonea magunia. Nilikuwa naivaa shingoni kama daktari anavyovaa kipimo chake. Hakuna waya uliokuwa umenishinda kwa testa ile, na kiburi kilianzia hapo.

Ikaja ile miaka ya soko huria. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa, kila mtu akawa mfanyabiashara, magari ya mitumba yakaanza kuingia mjini. Baba yake Fausta, yaani baba wa mchumba wangu, alikuwa ananunua mahindi Mpitimbi na kuyauza. Msimu mmoja ukamkubali, akaenda Dar kununua pikapu ya kubebea magunia. Akarudi na gari jekundu la spoti, la milango miwili, limelala chini utadhani limekanyagwa. Hata debe moja la mahindi lilikuwa haliingii vizuri.

Gari lenyewe halikuwa jipya, lilikuwa limeshazeeka huko lilikotoka, lakini mtaa mzima ulitoka kulitazama. Taa zake za mbele zilikuwa zinalala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka kama macho. Watoto wakaliita Chura siku hiyo hiyo. Mama Fausta alinuna, anauliza magunia yatapanda wapi. Mzee alikuwa mtu mkimya, wa misa ya kwanza, wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Ila akiingia ndani ya Chura alikuwa anacheka peke yake. Nilimwona mwenyewe akishuka mteremko wa sokoni, anakwepa mashimo taratibu, meno yote nje.

Wakati huo nilikuwa nimeshapeleka posa. Mshenga wangu alikuwa mjomba Kosmasi. Posa ilipokelewa, ila jibu lilikuwa bado, tuliambiwa tungoje, mzee anafikiri. Mimi nilikuwa silali wala sili. Fausta nilimpenda, nasema wazi, nilimpenda mpaka nikawa nafunga honi za watu kwenye taa za nyuma.

Sasa kwetu sisi, mtu aliyeposa haongei ovyo na baba mkwe. Humkazii macho, huli naye sahani moja, wala hukai mahali anapokaa yeye. Neno lolote linapita kwa mshenga. Nakueleza haya kwa sababu bila hayo hutaelewa ujinga wangu.

Jumamosi moja mjomba Kosmasi akaja kibandani anahema. "Mzee anakuita. Chura amewasha taa nyekundu kwenye dashibodi, haizimi. Anauliza kama unaijua."

Nikauliza ni taa gani. Akasema ina picha ya mtu amekaa, na mbele yake kuna kitu kama mpira.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Sikuijua. Sijawahi kuiona, lori gani lina picha ya mtu na mpira? Lakini jiweke wewe. Umeposa, jibu bado, na baba wa binti anauliza kama kazi yako unaijua.

"Mwambie naijua sana," nikasema.

"Ni nini sasa?"

"Mwambie ni kitu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mjomba, twende bwana."

Nilimkuta mzee barazani na kikombe chake. Nikasimama mbali, nikainama. "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba huku anatazama migomba. Chura alikuwa uani, mlango uko wazi. Kutoka kwangu mpaka kwa mzee hapakuwa mbali, mtu angeweza kumrushia mwenzake ndizi, lakini mjomba alisimama katikati na maneno yote yakapita kwake.

"Muulize ataanzia wapi."

"Mzee anauliza utaanzia wapi."

"Mwambie kwenye usukani."

"Anasema kwenye usukani."

"Nimesikia," mzee akasema.

Kwa nini usukani? Kwa sababu karibu na ile taa palikuwa na herufi tatu, na herufi hizo hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye tumbo la usukani. Nikajumlisha akilini. Kwenye tumbo la usukani kuna nini? Honi. Basi, ugonjwa ni wa honi. Nikabonyeza, ikalia vizuri kabisa. Fundi mwenye akili angesimama hapo akafikiri upya. Mimi nikamwambia mjomba kwamba honi inalia lakini haijaridhika.

"Anasema honi inalia lakini haijaridhika," mjomba akafikisha, neno kwa neno. Mzee akanywa chai.

Tatizo likawa kukaa. Kiti cha dereva ni kiti cha baba mkwe, nitakikaliaje? Nikaomba gunia, nikalitandika chini nje ya mlango, nikapiga magoti. Hata hapo nilihangaika kujigeuza ili makalio yasielekee barazani. Mwishowe nikakaa upande kama kuku anayetaga, kichwa kimeinama chini ya usawa wa kiti, mkono umeingia chini ya usukani. Nikafungua kifuniko cha plastiki.

Ndani nikakuta soketi ya njano imechomoka nusu. Mashimo ya njia ya Mpitimbi yalikuwa yameitingisha mpaka ikalegea. Msomaji, hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningeikandamiza kwa kidole gumba tu, ikalia ka, kazi ilikuwa imekwisha. Dawa nilikuwa nimeishika mkononi! Lakini kukandamiza soketi hata mpika chai anaweza, na pazia la dirishani lilikuwa linacheza, nikajua Fausta anachungulia. Nikataka anione fundi. Nikaichomoa yote, nikavua testa shingoni.

Upande mmoja wa testa nikauunga kwenye moto wa betri. Waya mmoja wa ile soketi nikaugusisha kwenye bodi, wa pili nikauchoma sindano. Ndivyo tulivyokuwa tunapima kila kitu kwenye malori.

Mlio sikuusikia. Mjimwema nzima iliusikia, mimi niliona weupe tu. Mfuko mkubwa ulipasua tumbo la usukani, ukapita juu ya kichwa changu, ukakipiga kiti cha mzee, kisha ukanywea na kuning'inia kama shati lililolowa. Harufu ya baruti ikajaa uani. Unga mweupe kama poda ya mtoto ukatanda gari zima, na mimi humo humo. Kuku walitawanyika. Mama Fausta alishaanza kulia kilio cha msiba. Mjomba Kosmasi, mshenga wangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alipita katikati ya uzio wa michongoma bila kutafuta njia.

Nikajipapasa, pua ipo. Vidole vyote vipo. Masikio yanapiga filimbi. Nikaanza kucheka, msomaji, kicheko cha woga, uso mweupe, meno yanagongana. Testa yangu sikuiona tena, nikadhani imeungua.

Mzee akaja mwenyewe, maana mshenga alikuwa ameshafika mtaa wa pili. Kwa mara ya kwanza baba mkwe alinishika bega na kunitazama usoni.

"Mwanangu, umepona?"

Aliniita mwanangu. Machozi yalinilengalenga palepale.

"Nimepona, baba."

"Ni nini hiki?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili ya kusema sijui, nimepewa bure. Lakini Fausta alikuwa ameshatoka mbio, ananifuta uso kwa kanga yake mbele ya baba yake, na baba yake kanyamaza. Ungekuwa wewe ungeharibu? Nikafungua mdomo, uongo ukatoka umenyooka kama mahubiri.

"Baba, ile taa ilikuwa inaonya. Humu mlikuwa na bomu. Lingelipuka wakati wowote na wewe ukiwa ndani. Ndiyo maana nimewahi kulilipua hapa."

Mzee akatazama gari. Akakitazama kiti chake kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ulijua litalipuka?"

"Nilijua, baba."

"Na ukaingiza mkono."

"Niliingiza."

Jumatatu jibu la posa likaja, wamekubali. Nilimbeba mjomba Kosmasi juu juu, michongoma bado imo mgongoni mwake. Wiki hiyo hiyo nikasikia Chura ameuzwa kwa mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru, mtu wa kule Namasakata, aliyesema yeye bomu lililokwisha kulipuka halimtishi. Mzee alikuwa hataki watu wake wapande tena kitu kile. Nikaoa. Arusi ilifana sana, nilicheza mpaka kiatu kikaachia soli.

Halafu sifa zikaanza. Watu wakaleta magari yao, kila mwenye taa nyekundu anaogopa, ananiomba nimtolee bomu. Nikawa natoa balbu ya ile taa, nawaambia tayari, nendeni salama. Mungu anisamehe.

Siku moja nilikuwa Dar kununua vifaa, nikaona kwenye gereji gari lililogonga mti, mfuko mweupe unaning'inia usukanini. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Hili nalo bomu limelipuka." Gereji nzima walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakanieleza kwamba ile ni eabegi, mfuko wa hewa wa kumkinga dereva gari likigonga, na ile taa inawaka kusema kinga haifanyi kazi. Yaani kitu kilichowekwa kumlinda baba mkwe ndicho nilichokiita bomu, na gari alilolipenda kaliuza kwa sababu ya mdomo wangu. Nilirudi Songea sina raha hata kidogo.

Lakini kusema nikashindwa. Kila sikukuu mzee aliwasimulia wageni jinsi mkwewe alivyokumbatia bomu, na kila mwaka bomu likawa kubwa zaidi. Baadaye likafikia ukubwa wa pipa. Mimi nainamisha kichwa, wageni wanasema tazama alivyo mnyenyekevu. Mzee akawa anasafiri juu ya magunia kwenye malori ya watu, na kila gari jekundu likipita anageuza shingo. Hiyo shingo ilinikosesha usingizi.

Pasaka iliyopita nikamwambia Fausta nakwenda kusema. Akasema, "Nenda, na ukifukuzwa njoo, mlango nitaacha wazi." Sikumtafuta mshenga. Nilimkuta mzee barazani, nikapiga magoti. Shikamoo, marahaba, nikamwaga yote: honi, soketi, testa, bomu, Dar. Niliongea huku nalia na jasho linatoka.

Aliponisikiliza mpaka mwisho akanyanyuka, akaingia ndani. Nikajua kaenda kuchukua fimbo. Akarudi na kitambaa, akakifungua. Testa yangu. Balbu yangu ya indiketa, waya zangu mbili, sindano yangu ya magunia, na kipande cha waya wa njano bado kimechomwa.

"Niliiokota chini ya kiti," akasema, "siku ile natoa vitu vyangu nimkabidhi yule mtu wa korosho. Nikajua bomu lilitoka wapi."

"Baba, sasa kwa nini ukauza?"

"Yule mtu alikuwa ameshafika, neno nimeshampa. Na wewe neno nilikuwa nimeshakupa. Nikakaa ndani ya gari nikajiuliza nivunje lipi kati ya hayo mawili. Nilimpenda Chura, usidhani sikumpenda. Nimemlilia."

Nikashindwa kuinua kichwa. Akaendelea.

"Halafu nikakumbuka kiti. Siku ile kilijaa chote unga mweupe, umetulia, hauna alama ya mtu. Nikasema, huyu kijana ni mwongo, lakini hata katika uongo wake hakukalia kiti changu. Sivunji neno lolote, na uongo nitangoja auseme mwenyewe." Akanitazama. "Sikujua utachelewa namna hii."

Akaanza kucheka. Mzee yule mkimya, alicheka mpaka koti likamvuka bega moja, kicheko kile kile cha kwenye mteremko wa sokoni. "Honi haijaridhika," akasema, akashindwa kumalizia. Nami nikacheka nikiwa bado nimepiga magoti, machozi na kamasi pamoja. Mama Fausta akatoka kuuliza nani amekufa.

Wale niliowatolea balbu, nawaomba mje kibandani niwarudishie taa zenu na niwaelekeze kwa anayezijua, maana mimi bado sizijui zote. Na wewe kijana uliyeposa na jibu bado, chukua la kwangu. Baba mkwe akikuuliza usichokijua, mwambie hujui, hata kama pazia linacheza. Na kiti chake usikikalie.