Mawese kwenye meno ya chuma

Wanajeshi walikuwa wameiba vyombo vyote vya fizikia shuleni kwetu Nguba. Basi mwalimu wetu, maman mkali kuliko vita yenyewe, akaleta magurudumu mawili yenye meno kutoka mashine mbovu ya kusaga mahindi. Grisi hakuna, tukayapaka mawese. Upande mmoja alitundika jiwe kwa kamba, upande wa pili bidoni tupu ya kuchotea maji, tukamimina maji humo mpaka jiwe likapanda. Kwa hesabu, nusu bidoni ingetosha. Ilijaa pomoni ndipo likapanda.

"Kipimo kimekosea," tukalalamika.

"Hapana. Baridi ya asubuhi imegandisha mawese yenu."

Tukayaanika juani, tukapima tena: maji yalizidi nusu kidogo tu.

"Msuguano iko inakula nguvu," akasema, bunduki zikilia mlimani, "lakini haimalizi."

Mwaka ule wengi walituletea matumaini. Yeye peke yake aliyapima kwanza.